UZI: Akina Silva si ukoo mmoja. Jina hili la Kireno lilitoka wapi, lina maana gani, na lilifikaje kwa watu wengi hivi

MPENDA MAJINA (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi.

Jumamosi nilikuwa kibanda umiza huku Temeke tukitazama mpira. Kijana aliyekaa mbele yangu akauliza: "Hivi hawa akina Silva ni ndugu?" Maana tumemwona Gilberto Silva, tukamwona Thiago Silva, David Silva, Bernardo Silva. Wawili Wabrazili, mmoja Mhispania, mmoja Mreno. Jirani yake akamjibu kwa uhakika kabisa kwamba huo ni ukoo mkubwa wa Kireno uliotapakaa duniani. Watu wakakubali, mpira ukaendelea.

Mimi jibu lile lilinikosesha usingizi. Niliishi Nampula, Msumbiji, miaka mitatu nikiuza vitenge, ndiko nilikojifunza Kireno, na tangu hapo majina yao nayafuatilia kama wengine wanavyofuatilia stempu. Akina Silva si ukoo mmoja. Wengi wao hawana hata tone la damu wanaloshirikiana. Na sababu ya kuwa hivyo inagusa ubatizo, utumwa na safari za majahazi ya Wareno mpaka kwenye bahari yetu hii. Naomba tuvumiliane, uzi ni mrefu.

Tuanze na neno lenyewe. Silva ni Kilatini, maana yake msitu. Jimbo la Pennsylvania kule Marekani ni "msitu wa Penn". Transylvania ya Romania ni "ng'ambo ya msitu". Hata kwetu neno hili liko kanisani kila Jumapili na hatulijui: Silvesta, Silvanus, Silvia, wote hao asili yao ni silva, yaani "wa msituni".

Lakini nenda Ureno leo useme "silva" bila kutaja jina la mtu. Hakuna atakayefikiria msitu. Atafikiria kichaka cha miiba kinachotambaa ukutani, kinachozaa vitunda vyeusi vinavyofanana na forsadi. Msitu siku hizi wanauita floresta au mata. Maana ya kale imebaki ndani ya jina la watu baada ya lugha yenyewe kuiacha. Hilo peke yake hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Ile "da" ya "da Silva" ni "de" na "a" zimeunganishwa, kazi yake ni kama "wa" yetu ya "wa Tanga", "wa Kilwa". Da Silva ni mtu wa Silva. Neno likiwa la kiume "da" hugeuka "do", kama Edson Arantes do Nascimento, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Pelé. Nascimento ni kuzaliwa, yaani kuzaliwa kwa Yesu. Wingi huwa "dos", ndiyo dos Santos, "wa watakatifu".

Sasa mtu wa Silva ipi? Hapa ndipo ule ukoo mmoja unapoanza kuvunjika. Ureno ina zaidi ya sehemu moja iitwayo Silva. Iko Silva ya Valença, kaskazini kabisa karibu na mto Minho unaopakana na Hispania. Iko Silva ya Barcelos. Iko Silva ya Miranda do Douro, upande wa mashariki. Kijiji kilichozungukwa na msitu kiliitwa msitu, kama kwetu tunavyoita mahali Mikocheni au Miembeni, na hakuna anayedhani kila Miembeni ina uhusiano na Miembeni nyingine. Mtu akihama kijiji, huko aendako wanamwita kwa alikotoka. Mwenyeji wa Lamu akienda mji mwingine huandikwa al-Lamuy. Ni mtindo huo huo.

Ule ukoo wa makabaila wa da Silva ulikuwepo kweli, sikatai. Vitabu vya nasaba vya Ureno vinauweka Valença, kwenye mnara wao uitwao Torre da Silva, na kuurudisha nyuma hadi karne ya 11. Nembo yao ni simba wa rangi ya zambarau juu ya uwanja wa fedha. Simba huyo leo huuzwa kwenye vikombe na fulana kwa kila aitwaye Silva, jambo linaloniudhi, kwa sababu nembo ile ilikuwa ya watu wachache waliomiliki ardhi, na wanaoinunua leo wengi wao babu zao ndio waliolimishwa ardhi ya namna hiyo.

Majina mengine ya Kireno yanafuata njia zinazoeleweka vizuri kwa Mswahili. Lipo kundi la ubini: Fernandes ni bin Fernando, Rodrigues ni bin Rodrigo, Nunes ni bin Nuno. Ile "-es" mwishoni ndiyo "bin". Lipo la miti na mahali: Oliveira mzeituni, Pereira mpea, Figueira mtini, Carvalho mwaloni, Costa pwani, Rocha mwamba, Ribeiro kijito. Na lipo la wanyama, ambalo huenda lilianza kama majina ya utani: Coelho sungura, Lobo mbwa mwitu, Cordeiro mwanakondoo, Pinto kifaranga.

Leo Silva ndilo jina la ukoo linaloongoza kwa wingi Ureno na Brazili pia. Takwimu za Brazili kutoka sensa ya 2022 zinaonyesha watu kama milioni 34 wenye jina hili, yaani mtu mmoja katika kila sita. Idadi hiyo haizaliwi na mnara mmoja wa Valença. Nitaeleza ilikotoka, lakini kwanza niwape nafasi wenye maswali.

FUNDI REDIO

Mkuu, uzi mzuri. Ila mimi nimesoma mahali kwamba majina ya miti na misitu kwa Wareno ni majina ya Wayahudi waliojificha. Pereira, Oliveira, Silva, wote hao asili yao Wayahudi. Unasemaje?

MPENDA MAJINA

Nashukuru umeliuliza, maana limeenea sana, na ndani yake mna kipande cha kweli.

Desemba 1496 Mfalme Manuel wa Kwanza alitoa amri kwamba Wayahudi wote wa Ureno wabatizwe au waondoke. Mwaka uliofuata njia za kuondoka zikafungwa na wengi mno wakabatizwa kwa nguvu. Wakaitwa Wakristo wapya, wakapewa au wakachukua majina ya Kikristo. Mwaka 1536 Ureno ikaanzisha mahakama ya kuchunguza imani za watu, na mtu aliyeshukiwa kwamba bado anashika Sabato nyumbani aliweza kupoteza mali, uhuru, hata uhai.

Sasa jiweke katika nafasi yao, Fundi. Unataka usijulikane. Utachagua jina ambalo ni la Wayahudi peke yao? Utachagua la kila mtu. Ndiyo maana akina Silva, Pereira, Henriques na Lopes wamo kwenye orodha za walioshitakiwa, na wamo pia kwenye orodha za mapadri na wakulima wasio na asili yoyote ya Kiyahudi. Jina halikuwatofautisha, na halikukusudiwa kuwatofautisha. Ureno ilipofungua mlango wa uraia mwaka 2015 kwa wazao wa Wayahudi waliofukuzwa, waombaji waligundua kwamba kuitwa Silva hakutoshi. Ilibidi ulete ushahidi wa nasaba na cheti cha jumuiya ya Kiyahudi ya Lisbon au ya Porto.

KIJIWE CHA KAHAWA

Na David Silva je? Yule ni Mhispania kabisa.

MPENDA MAJINA

Ni Mhispania wa visiwa vya Canary. Jina lake kamili ni David Josué Jiménez Silva. Wahispania hutanguliza ubini wa baba kisha wa mama, kwa hiyo Jiménez ni kwa baba na Silva ni kwa mama. Yeye akachagua kujulikana kwa upande wa mama.

Wareno hufanya kinyume chake: la mama hutangulia, la baba hukaa mwisho. Mtazame Cristiano Ronaldo dos Santos Aveiro. Mama yake ni Dolores dos Santos, baba yake ni Aveiro, ambalo ni jina la mji wa pwani ya Ureno. "Ronaldo" mgongoni mwake si jina la ukoo hata kidogo, ni jina lake la pili la kupewa. Na yule dereva wa mbio za magari, Ayrton Senna, aliyefariki kwa ajali ya mbio za Imola, Italia, mwaka 1994, alikuwa Ayrton Senna da Silva. Senna ni ubini wa mama. Aliutumia huo kwa sababu da Silva ni wengi mno kwao.

BINTI MKUNAZINI

Assalaam aleikum kaka. Huku kwetu Unguja Mji Mkongwe tulikuwa na mzee John da Silva, mchoraji. Kachora majumba ya mji na milango ya nakshi, watu wazima wote wanamjua. Na hakuwa Mreno, alikuwa Mgoa. Bibi yangu alikuwa akisema Wagoa ni Wareno weusi, wengine wakisema ni Wahindi. Hebu tufafanulie.

MPENDA MAJINA

Wa aleikum salaam dada. Umenigusa hasa pale ninapopapenda, maana picha za mzee huyo nimeziona.

Bibi hakuwa peke yake kusema hivyo, lakini Wagoa ni watu wa pwani ya magharibi ya Bara Hindi, lugha yao Kikonkani. Wareno waliiteka Goa mwaka 1510 na hawakuiachia mpaka jeshi la India lilipoingia Desemba 1961. Ni miaka 451. Wamisionari walipobatiza watu kule, jina la zamani liliwekwa kando. Mtu alitoka kisimani na jina la padri aliyembatiza, au la msimamizi wake wa ubatizo, ambaye mara nyingi alikuwa afisa au kabaila wa Kireno. Familia zilizokuwa zikiitwa Prabhu, Kamat au Shenoy zikawa de Souza, Fernandes, Pereira, da Silva. Ndugu wawili waliobatizwa chini ya wasimamizi tofauti waliweza kuondoka na majina mawili tofauti ya ukoo, na watu wasiojuana wakaondoka na moja.

Kwa hiyo mzee da Silva wa Unguja na Thiago Silva wa Brazili hawashirikiani babu. Wanachoshiriki ni Kanisa na ufalme mmoja uliowafikia babu zao.

Wagoa walikuja huku wakiwa makarani, mafundi cherehani, wapishi, wapiga picha. Studio ya A. C. Gomes ya Unguja imetuachia sura za mji ambazo bila hiyo tusingezijua. Kenya ilimpata Pio Gama Pinto, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927, akafungwa na Waingereza kwa kusaidia wapigania uhuru, akauawa kwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Pinto ni kifaranga, mtakumbuka. Mtu jasiri kiasi kile, na jina lake ni kifaranga. Na Joseph Murumbi, makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, alikuwa Joseph Zuzarte Murumbi: baba Mgoa, mama Mmaasai. Yeye alibeba majina ya pande zote mbili.

Sri Lanka ni hivyo hivyo. Wareno walifika mwaka 1505, Waholanzi wakawaondoa kabisa mwaka 1658, na hadi leo de Silva, Perera na Fernando ni majina ya kila mtaa kule, wengi wa wenye nayo wakiwa Wabudha. Watawala waliondoka zaidi ya miaka 360 iliyopita, na wengi kanisani kwao hawaendi tena, ila jina limebaki.

MASASI YETU

Mkuu uliahidi Brazili. Milioni 34 wametoka wapi? Nauliza kwa sababu sisi Wamakua huku tunasikia kwa wazee kwamba watu wetu walipelekwa mbali na Wareno, wengine wakisema walivuka bahari mbili.

MPENDA MAJINA

Kaka wa Masasi, wazee wako wanasema kweli, na hapa naomba niandike polepole.

Karibu Waafrika milioni tano walifikishwa Brazili wakiwa watumwa, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Amerika. Walio wengi walitoka Angola, Kongo na Afrika Magharibi. Lakini katika karne ya 19, Waingereza walipoanza kuzuia meli za watumwa upande wa Atlantiki, wafanyabiashara wakazidi kuja upande wetu: Quelimane, Kisiwa cha Msumbiji, bandari za pwani ile. Wamakua walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Waliizunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakavuka Atlantiki, na wengi wakashushwa Rio de Janeiro kwenye gati la Valongo. Inakadiriwa watu 900,000 walipita gati hilo moja. Lilikuja kufukiwa, likafukuliwa mwaka 2011 wakati wa ujenzi, na mwaka 2017 UNESCO ikaliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Jina la nyumbani lilikufa njiani au pale bandarini. Mtumwa alibatizwa João au Maria, jina moja tu, hana ubini. Ikihitajika kumtofautisha na João mwingine, waliandika alikotoka: João Angola, Maria Moçambique. Yaani Mmakua, Myao, Mmakonde, wote waliishia kuwa "Moçambique" kwenye daftari la mtu asiyejua tofauti yao.

Brazili ilikomesha utumwa tarehe 13 Mei 1888, ya mwisho katika Amerika yote. Sheria yenyewe ilikuwa ya mistari michache, haikumpa aliyeachiwa huru ardhi wala malipo. Huko nyuma wengine walikuwa wamekwisha kununua uhuru wao au kuandikiwa. Sasa mtu huru anatakiwa awe na jina la ukoo ili aandikwe, aoe, asajili mtoto. Atachukua lipi? Wengine walichukua la bwana wao wa zamani. Wengine walichukua la ibada: dos Santos, de Jesus, da Conceição, do Nascimento. Na wengi walichukua lile lililokuwa limejaa pande zote, ambalo halimuulizi mtu alikotoka: da Silva. Wenyeji wa Brazili waliobatizwa na wamisionari walikuwa wamelipata kwa njia hiyo hiyo. Wareno maskini waliohamia kutafuta maisha walikuwa nalo tayari.

Na watoto waliotupwa pia. Ureno na Brazili zilikuwa na kitu kiitwacho roda: pipa la mbao lililozunguka ukutani kwenye nyumba za hisani. Mama anaweka mtoto upande wa nje, analizungusha, mtoto anaingia ndani, hakuna aliyemwona mwenzake. (Neno letu roda, la kupandishia tanga na mizigo, ni hilo hilo.) Mtoto huyo alihitaji jina, na waliompokea ndio waliomchagulia.

Kwa hiyo ukikutana na Silva wa Brazili, jina lake haliwezi kukuambia kama babu yake alikuwa mkulima wa Minho, mwenyeji wa msitu wa Amazoni, au Mmakua wa karibu na kwenu. Ndiyo maana kule limekuwa jina la mtu wa kawaida kabisa. Rais Lula alizaliwa mwaka 1945 Pernambuco akiwa Luiz Inácio da Silva, mtoto wa maskini. "Lula" lilikuwa jina la utani, akaliingiza rasmi kwenye jina lake mwaka 1982. Marina Silva, aliyepata kuwa waziri wake wa mazingira, alizaliwa jimbo la Acre katika familia ya wagema utomvu wa mpira, na amepigania msitu wa Amazoni maisha yake yote. Jina lake ni Msitu.

MASASI YETU

Nimelisoma hili mara mbili. Nitamsomea na mzee. Ahsante sana ndugu yangu.

FUNDI REDIO

Swali la mwisho mkuu. Wareno walikaa Mombasa na Kilwa na Sofala. Kwa nini sisi Waswahili hatuna akina da Silva? Maneno yao tunayo, meza, leso, bendera, majina hatuna.

MPENDA MAJINA

Kwa sababu maneno hupita sokoni na majina yale yalipita kwenye maji ya ubatizo, na watu wa pwani hii walikuwa Waislamu wenye nasaba zao zilizoandikwa na kukaririwa. Mtu ambaye anaweza kukuhesabia babu zake saba hana nafasi iliyo wazi ya jina jipya.

Wareno walijaribu, na kwa mtu mkubwa kabisa. Yusuf bin Hassan, mwana wa sultani wa Mombasa, alipelekwa Goa akiwa mtoto baada ya baba yake kuuawa. Akalelewa na mapadri, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo. Akarudishwa Mombasa kutawala kwa jina hilo. Agosti 1631 aliingia Ngome ya Yesu na watu wake, akamuua kapteni, akaliacha jina la Jerónimo na kurudi kuwa Yusuf bin Hassan. Wareno walirejea Mombasa baadaye na kukaa mpaka Waomani walipoitwaa ngome Desemba 1698, lakini jina lile halikuotesha mzizi.

Huko Msumbiji ambako hawakuondoka hadi 1975, majina yapo tele. Eusébio, mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1966 kwa mabao 9, alizaliwa mtaa wa Mafalala mjini Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo. Jina lake kamili ni Eusébio da Silva Ferreira.

SILVESTA WA SONGEA

Wakuu, nimekuwa nasoma kimya kimya. Mimi ni Silvesta na miaka yote sikujua jina langu lina msitu ndani. Nimempigia mama sasa hivi kumuuliza nani alinipa. Amesema ni padri. Nilizaliwa tarehe 31 Desemba, padri akafungua kalenda akakuta ni sikukuu ya Mtakatifu Silvesta. Mama alikuwa amekwisha kuniita jina la babu, na nyumbani mpaka leo ananiita hilo.

MPENDA MAJINA

Silvesta, kila mwaka siku yako ya kuzaliwa kuna mbio kubwa mjini São Paulo ziitwazo São Silvestre, zimekuwepo tangu 1925. Mkenya Paul Tergat alizishinda mara tano. Zitafute ukazitazame mwaka huu na mama, na siku akiwa na nafasi muulize maana ya hilo jina la babu, uje utuandikie hapa.